Piga picha za kwenu: mwongozo wa vijana wa Tanga kuusaka urithi wa mtaa kwa simu

Ukipekua simu za vijana wa hapa Tanga utakuta picha za aina tatu: selfi za Raskazone, jua linachwea baharini, na mnara wa saa. Nzuri, sibishi, ila muulize mwenye simu nyumba aliyozaliwa bibi yake ilikua ipi, au kwa nini babu mzaa mama ana jina la Kimakonde wakati yeye anajisema ni mtu wa Tanga kindakindaki, hapo kimya. Mwongozo huu ni wa kulishughulikia hilo kwa kamera. Nimeuandika nikifikiria kikundi cha vijana watano mpaka kumi, wawe wa shule, wa madrasa, wa timu ya mpira au wa kijiwe tu, lakini hata ukiwa peke yako unaufuata vizuri.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusisumbuane mbele: picha ya urithi haijaisha ukibonyeza, inaisha ukishaandika ni nani, ni wapi, ni lini, na nani kakwambia. Mengine yote humu ni ya kukufikisha hapo.

Vifaa visikuumize kichwa. Simu yoyote yenye kamera inayofanya kazi, daftari la kaunta moja la kikundi, kalamu mbili maana moja lazima ipotee, kitambaa laini cha pamba, na pawabenki kama mnayo. Kitambaa usikidharau, hapa kwetu hewa ina chumvi na vidole vina mafuta ya nazi, lenzi inaweka ukungu alafu mtu anasema simu yangu mbovu. Futa lenzi kila mkitoka nje. Na weka gridi ile ya mistari kwenye kioo, utaihitaji kwenye milango na majengo.

Hatua ya 1: Chagueni kitu kidogo

Vikundi vingi vinaharibikiwa hapa. Wanataka "urithi wa Tanga" wote kwa mpigo, Jumamosi mapango ya Amboni, Jumapili magofu ya Tongoni, Jumatatu Boma, wanarudi na mafaili mia tatu ambayo hata wao wiki ijayo hawajui lipi ni lipi. Chukueni kitu ambacho mnaweza kukizunguka kwa miguu. Barabara moja ya Ngamiani toka mwanzo mpaka mwisho, tuseme barabara ya 8, nyumba kwa nyumba. Au mafundi baiskeli. Au wavuvi wa pale Deep Sea wakirudi asubuhi. Au mashabiki wazee wa Coastal Union na African Sports, wale ambao mpaka leo hawakai baraza moja siku ya mechi. Au taarabu, maana huu ndo mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na waliokua wanacheza au kushona nguo za waimbaji miaka ya 60 na 70 bado wapo baadhi, ila hawatusubiri.

Mimi ukiniuliza nitakwambia chukua reli na mkonge, kwa sababu pale ndo utambulisho wa Tanga ulipochanganyikia. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, ya kwanza kwa Tanzania bara, ikafika Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge toka Florida, ikapona 62 tu njiani, na kutoka kwenye hiyo 62 mashamba yakatanda Muheza, Korogwe mpaka kwingineko. Watu wa kufanya kazi wakaletwa toka mbali, Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi, wakaitwa manamba, na toka 1944 kulikua na ofisi kabisa ya kuwaandikisha ikiitwa SILABU. Kufika 1964 nchi ilikua inazalisha zaidi ya tani 230,000, alafu kamba za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka. Watu lakini hawakuondoka. Wajukuu zao ndo nyinyi, mnakaa Makorora na Chumbageni na mnaongea Kiswahili cha hapa bila kasoro. Sasa hiyo habari haiko kwenye mnara wa saa, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi.

Hatua ya 2: Anza na sanduku la nyumbani

Kabla ya kutoka nje piga kilicho ndani. Kila mmoja kwenye kikundi aje na vitu viwili: picha moja ya zamani ya familia, na kitu kimoja kinachosema sisi ni watu gani. Kitu kinaweza kua mbuzi ya kukunia nazi, kinu, mkeka, kanga ya arusi, msahafu wa babu, jezi, redio ya mkulima, chochote. Kama kwenu kulikua na manamba uliza kama kuna kipande, ile kadi ya kazi iliyokua inahesabiwa siku thelathini, kila siku uliyomaliza kazi unawekewa alama. Mkikipata mmepata dhahabu, kipigeni mbele na nyuma.

Kuipiga picha ya zamani ili upate nakala nzuri kuna namna yake, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo kazi ya maana kuliko zote na watu wanaifanya hovyo. Usipige usiku chini ya taa, itaakisi na rangi itakua njano. Subiri mchana, kaa karibu na dirisha au mlango uliofunguliwa, lakini pasipopigwa na jua lenyewe. Tandika kitambaa cheupe au cha kijivu kisichong'aa, weka picha juu yake. Zima fleshi. Simama juu ya picha, simu iwe sambamba nayo kabisa, ukiona kwenye gridi upande mmoja mpana kuliko mwingine ujue umeinamisha mkono. Usisogeze simu karibu mno mpaka kivuli chako kiangukie picha, kaa juu kidogo alafu utakata kingo baadae. Kama inang'aa bado, geuza picha, usijigeuze wewe, mpaka ule mng'ao uondoke. Piga mara tatu, chagua iliyo kali.

Alafu igeuze. Nyuma ya picha za studio za zamani mara nyingi kuna muhuri wa studio, tarehe, au mwandiko wa mtu, "kwa mpenzi kaka, ukumbusho", na hayo yanakwambia mengi kuliko mbele. Kama imegandishwa kwenye albamu usiibandue, utachana uso wa mtu, piga ukurasa mzima ilivyo. Na picha isitoke nyumbani kwa mwenyewe. Nenda wewe na simu yako, ipige pale pale mbele yake, mrudishie mkononi. Picha zilizoazimwa "mara moja tu" zimevunja udugu wa watu hapa mjini.

Angalieni pia vitu vidogo ndani ya hizo picha. Pazia lililochorwa bustani au ndege nyuma ya mtu, saa ya mkononi ambayo ilikua ya mpiga picha mwenyewe watu wanavalishwa kwa zamu, kingo za karatasi zenye meno meno, suruali pana chini. Mkikusanya picha kumi za familia tofauti mkakuta pazia lile lile, mshajua studio moja iliyoupiga picha mji mzima, na hapo mna mradi mwingine bila kuutafuta.

Hatua ya 3: Jua mahali kabla hujafika

Kama mnapiga mtaa wa kawaida, hatua hii ni kukaa na mzee mmoja saa moja tu. Kama mnaenda sehemu ya kihistoria, someni kidogo msiende kama watalii. Boma la zamani la Mjerumani lina makumbusho ya Urithi, ndani kuna picha za Tanga ya zamani, ziangalieni kwa lengo moja: mpiga picha alisimama wapi? Mkishajua, nendeni mkasimame hapohapo leo mkapige tena, jengo hilohilo, upande huohuo. Ukiweka mbili pamoja hata mtoto wa darasa la pili ataanza kuuliza maswali.

Tongoni iko kama kilomita 17 kusini, njia ya Pangani. Pale kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine ya nguzo, ni katika makundi makubwa kabisa ya makaburi ya namna hiyo kwenye pwani yetu yote. Vasco da Gama alikwamisha meli maeneo hayo 1498, aliporudi 1499 moja ya meli zake akaichoma moto. Nenda asubuhi mapema, jua likiwa chini linapiga ubavuni, nakshi na maandishi ya mawe yanajitokeza yenyewe. Usimwage maji wala kupaka chaki ili yasomeke, unayaharibu mawe. Usipande juu ya kaburi, usimkalishe modo juu ya kaburi, hata kama picha ingependeza, ni makaburi ya watu. Kuna kiingilio, lipa, chukua risiti.

Amboni ni giza. Simu peke yake haitoshi, mmoja ashike simu kwenye kistendi au juu ya jiwe, hali ya usiku, mwingine amulike tochi toka ubavuni, sio toka nyuma ya kamera. Mtakuta sehemu watu wameacha vitu vya maombi, vitambaa, chupa za marashi, sarafu. Muulizeni mwenyeji kwanza kama inafaa kupiga, na mkipiga msiguse.

Na sehemu moja ambayo vijana wanaisahau ni Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Watu wanamsoma shuleni kama vile alitoka Ulaya, kumbe ni mtu wa kwenu, unaweza kwenda kwa bodaboda.

Hatua ya 4: Hodi, shikamoo, alafu kamera

Simu iwe mfukoni mpaka usalimie. Hili halina mjadala. Ukiingia mtaa wa watu kamera mbele kama polisi, umeshaharibu, hata wakikuruhusu watakaa kama wako kwenye picha ya kitambulisho. Piga hodi, amkia, sema wewe mtoto wa nani. Hapa Tanga swali la "kwani we wa kwa nani?" ndo ruhusa yenyewe, ukijibu vizuri mzee anacheka, "aa, we mjukuu wa fulani, babu yako tulikua nae kwenye reli", na hapo umepata picha na umepata habari.

Kabla ya yote nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwambieni mnafanya nini, muombeni barua fupi yenye muhuri. Dakika tano hizo zitawaokoa siku mtu akiuliza "mmetumwa na nani". Bandari, stesheni na njia ya reli, vituo vya polisi, kambi za jeshi, usipige bila ruhusa ya wenyewe, wala usijifanye hukuona kibao. Droni iacheni kwanza, ina vibali vyake vya mamlaka ya anga na hamuihitaji.

Watoto: mzazi aseme ndio, sio mtoto. Kinamama wa nyumbani: wengine watasema piga mikono yangu, uso usipige, na nakwambia mikono inayosuka ukili au kumimina vitumbua ni picha bora kuliko uso ulionuna. Msikitini omba kwa imamu, sio wakati wa swala. Msibani usipige kabisa mpaka wenyewe wakuite. Na mtu akikubali leo akakukatalia kesho, futa mbele yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, sura ya mtu ni mali yake, lakini hata kabla ya sheria ilikua hivohivo.

Ukiahidi kumpelekea mtu picha yake, mpelekee. Iliyochapwa, sio ya kutumiwa tu. Ntarudi hapo.

Hatua ya 5: Kupiga sasa

Mwanga wa kwetu ni mkali, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa hivi unachoma, macho ya watu yanakua mashimo. Toka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, alafu saa kumi jioni mpaka magharibi. Katikati ya mchana ingia kivulini. Na kivuli bora kipo kila nyumba: baraza. Mkalishe mtu barazani, uso aelekeze barabarani, mwanga unaingia taratibu toka mbele, paa la bati linazuia jua la juu. Hiyo ni studio ya bure ambayo wapiga picha wa mjini wanainunulia taa.

Ngozi zetu na kuta nyeupe zinaichanganya simu. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unakua kivuli. Gusa uso kwenye kioo, kisha vuta kile kialama cha jua kinachotokea juu kidogo mpaka uone macho. Ukuta ukiungua kidogo sio neno, uso ndo uliokupeleka pale. Mwenye kanzu nyeupe ni kinyume chake, shusha kidogo ili mikunjo ya kanzu ionekane.

Usizuum kwa vidole, sogea kwa miguu. Mlango na dirisha: simama katikati, simu usawa wa kifua, mistari ya gridi ifuate fremu. Nyumba ya Kiswahili yenye ushoroba katikati na vyumba huku na huku, ukiruhusiwa simama mlango wa mbele piga mpaka uani, gusa sehemu ya katikati yenye giza la wastani, utapata ile hali ya mwanga wa uani unaokuja ndani, na atakaeiona atasema hii ni nyumba ya shangazi.

Sasa namna ya kupiga kazi ya mtu. Tuseme fundi baiskeli, maana Tanga bila baiskeli sio Tanga. Vijana wengi wanapiga picha moja, fundi kashika spana anatabasamu, imeisha. Hapana. Kaa, angalia kazi nzima kwanza bila kupiga. Tairi limepinda, limekuja kunyooshwa. Fundi anaigeuza baiskeli miguu juu, anaizungusha rimu kwa kidole, anasogeza kipande cha chaki karibu na rimu bila kuigusa, pale rimu inapoyumba chaki inaacha alama nyeupe. Anasimamisha, anaangalia alama, anakaza spoki za upande mmoja robo raundi, analegeza za upande wa pili, anazungusha tena. Alama inakua fupi, fupi, mpaka chaki haigusi kitu. Hiyo ni elimu, na picha zake ni hizi: moja ya mbali ionyeshe kibanda, mti, barabara na wateja wanaosubiri, moja ya kati fundi na baiskeli iliyopinduliwa, moja ya karibu kabisa vidole na chaki na ile alama, moja ya uso wakati anaangalia rimu sio wakati anakuangalia wewe, na moja ya boksi la vifaa lilivyo, usipange. Mkirudi nyumbani mna hadithi kamili, na siku fundi huyo akistaafu kuna mtu ataweza kujifunza kwenye hizo picha.

Fanya hivohivo kwa mpika vitumbua alfajiri, mchonga ngalawa, msuka ukili, mpiga ngoma. Mbali, kati, karibu, uso, vifaa.

Hatua ya 6: Maelezo, hapohapo

Usiseme utaandika jioni. Jioni hutakumbuka kama ilikua barabara ya 9 au ya 10. Kikundi kigawane: mmoja anapiga, mmoja anauliza, mmoja anaandika, mkibadilishana kila nyumba. Mkiruhusiwa rekodini na sauti kwa simu nyingine.

Maswali yawe ya kawaida. Hapa palikua nini zamani? Nyumba alijenga nani, alitokea wapi? Ulijifunzia wapi hii kazi? Kwenu mnajiita watu gani, na watu wengine wanawaitaje? Hilo la mwisho uliza kwa adabu alafu nyamaza, usimkatishe, utashangaa mtu mmoja anavyoweza kua Mdigo kwa mama, Muha kwa baba, na Mtanga kwa kila mtu mwingine.

Miaka ndo inasumbua. Wazee wengi hawatakutajia mwaka, watakwambia "nilikua kijana". Mpe misumari ya kutundikia: ilikua kabla au baada ya uhuru wa 1961? Azimio la Arusha la 1967, mashamba ya mkonge yalivotaifishwa, ulikua wapi? Vita vya Kagera, 1978 na 79? Foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 80? Mwaka Coastal ilivyochukua ubingwa, 1988? Mvua za El Nino, 1997 kuingia 98? Atasema "aa, Coastal inachukua kombe huyu mwanangu alikua mgongoni", basi umepata mwaka, andika "kama 1988".

Maelezo yenyewe yawe mafupi. Mfano wa kutunga huu: "Baraza ya nyumba ya barabara ya 9, Ngamiani. Mwenye nyumba, amesema tumwite Bi Mkubwa tu, anasuka ukili wa mkeka. Nyumba ilijengwa na baba yake aliyekuja toka Kigoma kufanya kazi ya mkonge, anakadiria kabla ya uhuru. Kasimulia mwenyewe. Imepigwa tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na moja jioni." Basi. Usiandike "urithi wetu adhimu uliosheheni tunu", hayo ni maneno ya banda la maonyesho, hayamsaidii mtu yeyote atakaefungua faili hili miaka thelathini ijayo. Ulichoona andika umeona, ulichoambiwa andika umeambiwa na nani.

Hatua ya 7: Kutunza

Fupi. Picha msitumiane WhatsApp kawaida, zinabanwa na ukali unaondoka, tumeni kama dokyumenti au hamisheni kwa waya. Badilisheni jina la faili siku hiyohiyo: mwaka, mwezi, siku, mahali, kitu, namba, mfano 2025-06-14_barabara9_ukili_03. Nakala tatu, moja kwenye kompyuta ya shule au ya mmoja wenu, moja kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, moja mtandaoni bando likiruhusu. Daftari la kaunta lipigeni picha kila ukurasa, maana likilowa mmekwisha. Usitumie filta kwenye faili la asili. Ukitaka kuipendezesha tengeneza nakala, chezea hiyo.

Hatua ya 8: Rudisheni mtaani

Chagueni picha ishirini, zisizidi thelathini. Kuchagua kunauma, kila mtu anaipenda yake, kwaiyo zitandikeni chini zikiwa ndogo, mzunguke bila kuongea, kila mmoja aweke punje za maharage kwenye anazoona zinasema kitu. Picha nzuri isiyo na maelezo inatoka. Picha ya kawaida yenye maelezo ya nguvu inabaki. Hapo mtagombana, ruksa.

Chapisheni kwa studio ya mjini, saizi A4 zinatosha, mkiwa na hela kidogo chapeni nusu yake. Maonyesho msipeleke hotelini. Fungeni kamba toka nguzo hadi nguzo mtaani palepale mlipopigia, bana picha kwa vibanio vya nguo, iwe alasiri ya Jumapili wakati watu wamepumzika. Kabla ya siku hiyo kila aliyepigwa awe ameshapelekewa nakala yake nyumbani, tena aliyeahidiwa awe wa kwanza, asije akajiona kwenye kamba mbele ya watu wakati hana hata moja ukutani kwake.

Chini ya kila picha ning'iniza karatasi tupu na kalamu. Hii ndo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu wazee watakuja, watavaa miwani, watasoma maelezo yenu na watasema "uongo huu". Sio barabara ya 9, nyumba ile ilikua ya 10 kabla ya kubomolewa. Huyo aliyesimama kushoto sio Mgoa, ni Mhindi wa duka la vitambaa. Sio 1964, mwaka ule mimi nilikua jandoni. Msibishane nao, wapeni kiti na kalamu, na asiejua kuandika au macho yamechoka mmoja wenu amwandikie kama anavyosema. Wakija na picha zao kwenye mfuko wa plastiki, na watakuja, awepo mtu na kitambaa cheupe na simu iliyochajiwa akae pembeni kwenye kivuli afanye kazi ya hatua ya 2.

Jioni kusanyeni karatasi zote, kila moja ikae na picha yake. Ndani ya wiki hiyo rekebisheni mafaili na daftari, alafu pelekeni nakala ya flashi shuleni, ofisi ya serikali ya mtaa, na makumbusho ya Urithi kama watazipokea. Pale watu watatu walipotofautiana mwaka wa picha moja, msichague mshindi, andikeni miaka yote mitatu na nani kasema upi.